Mkate Niliomrushia Injinia Mwakio

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi na ningezikwa nayo, lakini wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, povu limenijaa kidevuni, nikamsikia kijana mmoja akiisimulia kama kichekesho cha mtu mwingine, tena akaikosea. Alisema mtu mwenyewe alikuwa tapeli, alisema alirusha jiwe. Sikuweza kumjibu kwa sababu ya wembe. Basi najibu hapa. Mtu mwenyewe ni mimi, Bakari, na sikuwa tapeli, nilikuwa mjinga aliyenunua shati, na wahusika nitawataja kwa majina maana na wao walinitaja mbele za watu bila kunihurumia.

Elimu yangu ni darasa la sita. Nasema mapema ili asije mtu akanivua nguo mara ya pili. Kabla sijakwenda Saudia nilifanya kazi miaka minane Chuo cha Mawimbini, huku kwetu Pwani, chuo cha watoto ambao wazazi wao hawaulizi karo, wanauliza kama bwenini kuna maji moto. Mimi nilikuwa mtunza uwanja. Nilikata nyasi, nilishona nyavu za goli, na kila mchezo unapokaribia nilipiga mistari ya chokaa. Wanafunzi hawakunijua jina, waliniita Chokaa kwa sababu nilikuwa mweupe mpaka kope, na sikuchukia, kwani mstari wangu ulikuwa mstari. Mzee aliyenifundisha (Mungu amrehemu) aliniachia kamba ya mafundo, tatu, nne, tano, ukiivuta sawasawa pembe inasimama yenyewe na hakuna mwenye digrii atakayeipinda.

Wapinzani wetu walikuwa Chuo cha Ufundi Kichakani, watoto wa mikopo na michango ya ukoo. Ushabiki wa vyuo hivi viwili ulikuwa wa mkate. Sisi Mawimbini tuliitwa Siagi, wao waliitwa Mkavu. (Nasema "sisi", mnaona? Mpaka leo ugonjwa haujapona.) Mashabiki wa Siagi walikuja uwanjani na mikate waliyoichukua bwaloni, na kila Mkavu akikosa goli walimrushia kipande: "Shika, Mkavu, ukapake mate!" Mkavu nao walikuja na mabati na spana, wakagonga mpaka meno yakauma, wakaimba kwamba jua likiwaka siagi inayeyuka. Ilikuwa vita ya maneno lakini iliuma, kwa sababu wale wa Kichakani wengine kweli walikuwa wamelala na njaa.

Na mchezo ukiisha, watu wakishaondoka, aliyebaki kuokota vile vipande kwenye nyasi ni nani? Chokaa. Nilijaza beseni. Vyenye mchanga niliwapelekea kuku, vilivyo safi niliwapelekea wanangu wakalowesha kwenye chai. Likumbukeni hilo beseni.

Chuo kikatuachisha, kazi ikapewa kampuni yenye mashine. Ilikuwa miaka ile ya wimbi la kuajiriwa Uarabuni, kila mtaa una ajenti, na wa kwetu alikuwa Kingi. Huyu ni mhusika wa kwanza. Kingi aliniambia nakwenda kuwa dereva wa nyumbani Riyadh. Kweli niliendesha gari, lakini pia niliosha ua, nilibeba maji, nilipanda maua, nilimpeleka kondoo kwa daktari. Kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini kule, Baba Fahd, hakuwa mkatili, siwezi kumsingizia. Alikuwa ananisahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ilipokaribia kwisha nikamkumbusha, akasema kesho, nikamkumbusha tena, akasema halas, imekwisha, ataleta dereva mwingine wa bei rahisi zaidi. Nikitaka nirudi kwetu, nikitaka nitafute kafili mwingine, yeye atatia sahihi. Nilikuwa nimebakiwa na miezi miwili.

Nyumbani binti yangu Mwanaisha alikuwa kidato cha tatu, mtoto ambaye aliwahi kuniandikia, "Baba, mimi nitasoma Mawimbini, niingie kwa lango la mbele." Nikirudi ndio mwisho wa masomo yake. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu siku zote nitakazosimulia hapa, na kila upumbavu niliofanya niliufanya kwa jina lake, ingawa hakunituma.

Ijumaa moja nilikuwa Batha, pale Wakenya na Watanzania walipokuwa wakikutana kununua kadi za simu na kusemana. Nikamkuta Swaleh, dereva mwenzangu kutoka Mombasa aliyekuwa anaishi Manfuha, mhusika wa pili. Swaleh alikuwa na tabia ya kukushika kifungo cha shati anapokupa habari, usikimbie.

"Yakhe, ukombozi wako umefika," akaniambia. "Wiki ijayo wale wasomi, Mawimbini na Kichakani, wanacheza mpira Jeddah. Kuna mkubwa mmoja wa bandarini pale, Mkenya mwenzetu, akikupenda anakubadilishia kafili chap chap. Atakuwepo."

"Mkubwa huyo ni wa chuo gani?" nikauliza.

Swaleh akaachia kifungo ili acheke vizuri. "We Bakari! Mkubwa wa bandari atakuwa Mkavu? Tumia akili! Si wewe ulikuwa Mawimbini miaka yote ile? Nenda ukakae na wenzako."

Nami nikacheka. Wanaume wawili ambao hawakumaliza shule ya msingi, tumesimama kwenye jua la Batha na ikama za kuombaomba, tunacheka kwamba Mkavu hawezi kuwa mkubwa. Hapo ndipo nilipokufa, yaliyofuata ni mazishi.

Swaleh akanivuta mpaka kwa Dennis, mhusika wa tatu. Dennis alikuwa mhasibu wa kampuni fulani pale Riyadh na mwenyekiti wa Siagi, kijana wa miaka thelathini hivi, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Mkononi alikuwa na mfuko wa mashati ya manjano, rangi ya siagi hasa, na mgongoni yameandikwa MHITIMU WA MAWIMBINI.

"Mzee wangu, wewe ni wetu?" akaniuliza.

"Nilikuwa pale miaka minane," nikasema. Mpaka hapo ni kweli.

"Minane! Ulisomea nini, udaktari?" Akacheka, watu wakacheka, na mimi ningeweza kucheka nao nikasema, la, mwanangu, nilikuwa nakata nyasi. Ni neno moja tu. Lakini niliangalia lile shati, nikamwona mkubwa wa bandari akinipa mkono kwa ajili yake, nikamwona Mwanaisha langoni, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Biashara," nikasema.

"Kumbe wewe ndio wazee wetu wenyewe! Mpeni mzee shati, saizi kubwa." Nikalipia riyali zangu, nikalipokea.

Ruhusa ya kwenda Jeddah niliipataje? Nilimwambia Baba Fahd nakwenda Umra. Hakunikatalia, nani atakukatalia Umra? Mama yake, bibi kizee ambaye hakuwahi kuniita ila kwa kugonga fimbo, siku hiyo alinipa tende kwenye kitambaa, akaniomba nimwombee miguu yake. Nikaziweka zile tende juu ya shati la manjano ndani ya mkoba. Sikutaka kuviangalia viwili hivyo pamoja.

Tuliondoka Alhamisi na basi la kukodi, watu wa Siagi kama thelathini, njia nzima ni hadithi za chuo. Na hapa lazima nikiri kitu kibaya zaidi ya uwongo wenyewe: nilifurahi. Wakibishana nani alifunga bao la fainali fulani, mimi nilijua, na nilijua alifunga kwa mguu upi, goli la upande wa bwalo, pale palipokuwa na dimbwi. Nilijua yote kwa sababu nilikuwa nimesimama pembeni na toroli. "Mzee ana kichwa!" wakasema. "Biashara ya zamani si mchezo!" Dennis akanihamishia kiti cha mbele. Nimeendesha magari ya watu miaka mingi, lakini kiti cha mbele cha abiria, cha mtu anayepelekwa, ilikuwa mara ya kwanza.

(Na nikagundua jambo kule ndani ya basi ambalo lingenisaidia kama ningekuwa na akili. Hawa Siagi niliowaogopa, mmoja anakaa Manfuha chumba cha watu sita, mwingine kafili wake amemnyima mshahara tangu Mfungo Mosi, na Dennis mwenyewe pasi aliazima kwa Mhindi wa dukani. Hakuna aliyekuwa na siagi. Kila mmoja alikuwa na kafili. Lakini wakitamka "wale Mkavu" walikaa wima, kana kwamba baba zao wanawasubiri nje na magari.)

Uwanja ulikuwa istiraha, yaani nyumba ya mapumziko ya kukodi nje ya mji wa Jeddah, imezungushiwa ukuta mrefu, uwanja wenyewe mchanga uliopigwa maji. Mlinzi alikuwa Myemeni mzee. Tulipoingia Ijumaa alasiri, Mkavu walikuwa wamefika kitambo na masinia ya bati na vijiko, wanagonga kama zamani. Wanawake na watoto walikaa kivulini upande wa jikoni, pilau inapikwa. Mtu ungesema uko kwetu, ila joto la Jeddah lile, la kunata, linakukumbusha.

Mimi kazi yangu ilikuwa moja, kumtafuta mkubwa. Nikakagua upande wetu wa manjano, nikamwona mtu mnene, miwani myeusi, viatu vinang'aa, anaongea na simu mbili. Nikasema ndiye. Nikambebea kiti. Nikampangusia kiti. Nikamletea chai, nikacheka kila alichosema, na alisema machache yasiyochekesha. (Baadaye nilikuja kujua anauza vifuniko vya simu.) Ng'ambo, upande wa Mkavu, kulikuwa na mtu wa makamo yangu, shati la kazi limepauka, kandambili miguuni, anazunguka na ndoo na kikombe akiwapa wachezaji maji. Nilimwona. Nilimwona vizuri sana, nikamdharau vizuri sana, kwa sababu alikuwa anafanya kazi niliyokuwa nikifanya mimi.

Mpira ukaanza. Dakika chache tu mshambuliaji wa Mkavu akabaki na goli tupu, akapaisha. Siagi wakalipuka. Dennis akafungua mfuko, mna mikate, na akapaza sauti: "Desturi ni desturi! Mzee wetu ndiye atakayegawa!"

Wote wakanigeukia. Yule wa miwani myeusi akanigeukia pia, na nikadhani, hapa ndipo atakaponikumbuka. Nikashika nusu ya mkate. Mkono wangu uliujua ule uzito, ulikuwa umeokota mingi. Nikarusha kwa nguvu zangu zote, ukampiga yule mchota maji kifuani na kutumbukia ndani ya ndoo yake, maji yakamrukia usoni.

"Shika, Mkavu!" nikapiga kelele. "Ukapake mate! Mchota maji we! Wakubwa wako upande huu!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yule mtu alifuta uso kwa mkono wa shati. Akauopoa mkate kwenye ndoo, akaukamua taratibu, akaniangalia bila hasira, akasema, "Ahsante, mzee. Huku tumeshiba." Kisha akampelekea mlinzi. Yule Myemeni akaupokea kwa mikono miwili, akaubusu, akautia kwenye paji la uso, akauweka juu ya ukuta mahali pa usalama, maana kwao mkate hauachwi chini. Halafu na yeye akaniangalia. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa makubazi.

Kipindi cha pili matokeo yakiwa moja kwa moja, beki wa Siagi akaushika mpira kwa mkono. Penalti! Siagi wakasema alikuwa nje ya boksi. Boksi lipi? Mistari walikuwa wameichora mchangani kwa kisigino cha kiatu, na kufikia hapo ilikuwa imefutika yote. Watu wakaingia uwanjani. Ikaanza Siagi wezi, Mkavu njaa, ikafika mama yako na baba yako, mmoja akamshika mwenzake shingo. Mlinzi akaanza kupiga kelele kwamba ataita polisi, na mjue wengi wetu pale hatukutaka polisi waje kusoma ikama zetu.

Nami sikuingia kuamua ugomvi. Mnielewe. Niliingia kwa sababu mtu mmoja alianza kuchora boksi upya kwa fimbo, akalipinda, na moyo wangu haukuvumilia. "Acha!" nikasema. "Acha, acha, unaharibu. Nani ana kamba?"

Mtu akanipa kamba ya kufungia mizigo ya basi. Nikafunga mafundo kumi na mawili kwa urefu wa dhiraa yangu. Nikaomba unga wa ngano jikoni. Nikasimamisha vijana wawili kwenye milingoti, nikavuta, tatu, nne, tano, pembe ikasimama. Nikapima hatua kisigino kwa kidole, nikajaza unga mkononi, nikainama, nikautembeza kinyumenyume nikiuacha uteremke kati ya vidole, usiwe mwingi usiwe haba. Kelele zilikatika. Sijui ni lini, mimi nilikuwa nasikia pumzi yangu tu. Nilipoinua kichwa palikuwa na boksi jeupe juu ya mchanga, limenyooka, na alama ya kisigino cha yule beki ilikuwa ndani yake kwa kiganja kizima. Hakuna aliyebisha. Mkavu na Siagi wote walitazama tu. Nawaambieni, kama Mungu angenichukua dakika ile ningekwenda nikiwa mtu.

Ndipo ikaja sauti ya mwanamke kutoka upande wa jikoni.

"Chokaa! Jamani, si huyu ni Chokaa!"

Alikuwa Faith, muuguzi wa Jeddah, ndiyo kwanza amefika na mumewe kutoka kazini. Zamani alikuwa mkimbiaji wa Mawimbini, na mimi nilikuwa nikimfungulia lango la uwanja mapema akafanye mazoezi. Alikuja mbio na abaya lake amelikunja mkononi, machozi yanamtoka kwa furaha. "Chokaa wetu! Nilivyoona huo mstari nikasema hakuna mwingine! Nyinyi hamumjui? Huyu ndiye mtunza uwanja wetu! Ndiye alikuwa anaokota hata ile mikate mnayotupa!"

Faith simtaji kama mhusika. Yeye peke yake pale ndiye aliyenitaja kwa mapenzi. Lakini nilipoinama kuweka kamba chini nimsalimu, alisoma maandishi ya mgongoni kwangu. "Aa," akasema. "Samahani."

Dennis akaja polepole. "Mtunza uwanja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mzee, uliniambia Biashara."

"Nilikwambia."

"Tumekuweka kiti cha mbele. Tumekupa mkate." Leo naelewa kwamba hakuwa na hasira tu, alikuwa anaogopa. Maana Mkavu wote wanasikia kwamba mzee wa Siagi, fahari ya Siagi, ni mfagiaji. "Hilo ni shati la wahitimu. Vua."

"Dennis, acha!" Faith akasema. "Mzee mzima huyu!"

"Avue."

Nilikuwa nimelinunua, ningeweza kukataa. Nikalivua. Chini yake nilikuwa na fulana ambayo Baba Fahd alikuwa ameitoa iwe kitambaa cha gari, ina matundu mawili kifuani na doa la oili tumboni. Nikasimama nayo ndani ya boksi langu mwenyewe, mikono imejaa unga, mweupe mpaka kwenye kope. Halafu mmoja wa Mkavu akagonga sinia mara moja, akaimba kwa upole kabisa, "Jua likiwaka..." na wote wakaitikia kwamba siagi inayeyuka. Siagi nao, badala ya kunitetea, walicheka zaidi ili ionekane mimi si mwenzao. Nikamtafuta yule wa miwani myeusi. Alikuwa ameinuka, anasogeza kiti mbali nami, kiti nilichokipangusa mimi.

Nikatoka mpaka ukutani, nikakaa chini ya ule mkate. Penalti ikapigwa, sikuona, nilisikia tu masinia.

Baada ya muda akaja yule mchota maji. Mkononi alikuwa na ile kamba, anaizungusha vizuri. Akachuchumaa mbele yangu.

"Haya mafundo umefunga wewe?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

"Mzee mmoja wa kazi. Marehemu."

"Mimi nilifundishwa hii darasani muhula mzima, na bado sipigi mstari kama ule." Akanipa mkono. "Mwakio. Injinia, niko bandarini."

Kuna baridi ambayo hata Jeddah inaweza kukushika.

"Tuna yadi mpya ya makontena," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesema habari za kawaida. "Nimetafuta mtu wa kupiga mistari tangu Ramadhani. Wanaleta mashine, mistari inapinda, makontena yanabanana. Leo nimekuona nikasema, bas, nimepata."

"Injinia," nikasema, "ikama yangu imebaki miezi miwili. Kafili amekubali kuniachilia. Nina binti..."

"Ngoja, kaka. Nimalize." Akaonyesha kwa kidole wachezaji wake. "Wale pale, saba ni vijana wangu wa yadi. Wa mistari anakuwa msimamizi wao. Jumapili niwasimamishe niwaambie, bosi wenu huyu hapa, yule wa mkate?"

"Nisamehe, Injinia. Sikukujua."

Hilo lilikuwa kosa la mwisho la siku ile, na nadhani ndilo kubwa. Uso wake ukafunga.

"Ungenijua ungemrushia nani?" akauliza. "Mimi nimekusamehe tangu yale maji yaliponikauka. Lakini mkate ule hukunirushia mimi. Uliwarushia wao, na wao hawajaniambia wamesamehe." Akasimama, magoti yakalia. Akaiangalia fulana yangu, matundu yake na doa lake. "Ungekuja na hii, kaka, tungekuwa tumemaliza leo."

Akaniachia kamba.

Kesho yake nilikwenda Makka, kwa sababu nilikuwa nimetumwa. Miguu ya yule bibi niliiombea kama nilivyoahidi. Dua yangu mwenyewe ilinishinda kuanza.

Sikupata kafili mwingine. Miezi miwili ikaisha, dereva mpya akaja, Baba Fahd akasahau kunikatia tikiti, nikatoka kwake nikaingia Manfuha, mtu asiye na karatasi, nikilala kwa Swaleh mpaka Swaleh akachoka. Mnajua watu wa kule mkate uliobaki hawautupi, wanautia mfukoni wanautundika nje kwenye msumari au penye pipa la taka, mwenye mifugo achukue. Mimi sikuwa na mifugo. Karibu mwaka mzima nilipita mapema kabla ya wenye mbuzi, nikachagua usioota ukungu, nikalowesha kwenye chai. Kila nikitafuna nilimsikia mtu anasema ahsante, mzee, huku tumeshiba. Mwisho polisi walinikamata, nikakaa kwenye kizuizi cha tarhili pamoja na mamia ya wanaorudishwa makwao, nikaletwa nyumbani na mkoba uleule. Mwanaisha aliacha shule kidato cha nne mwanzoni. Sasa anauza maandazi karibu na lango la Mawimbini. Lango la mbele. Hajawahi kunilaumu, na ningependa anilaumu.

Kingi bado ni ajenti. Dennis nasikia yuko nyumbani, anajenga. Swaleh hukataa kwamba alisema neno lolote. Mimi nilikula kiapo, na sijakivunja: sivai nguo yenye jina la mahali, hata iwe ya mgombea wa udiwani, hata iwe ya bure, na mtu akiniuliza nimesoma wapi namjibu darasa la sita kabla hajamaliza swali. Hupiga mistari viwanja vya shule za msingi huku kwetu. Kamba ni ileile ya Jeddah.

Kwa hiyo kijana wa kinyozini, kama unasoma au unasomewa, usimulizi wako urekebishe. Halikuwa jiwe. Jiwe lingekuwa heri. Ulikuwa mkate, na aliyeurusha ni yule aliyekuwa akiuokota.